Mshipi wa kusuka kwa rili ya bei nafuu: nyuzi nne, nyuzi nane, au ubaki na nailoni?

Ukiwa na rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia) ya bei nafuu, mshipi unaokufaa ni ule unaoendana na udhaifu wa rili yenyewe, kabla hujaanza kumfikiria samaki. Wengi tunafanya kinyume. Tunamfikiria sangala mkubwa, tunanunua mshipi wa kumnyanyua mbuzi, tunaufunga kwenye rili ambayo gia zake ni laini na breki yake inashika kwa kushtuka. Mwisho wa siku lawama inaangukia mshipi, au inaangukia ziwa.

Nalinganisha hapa vitu vitatu ambavyo mtu wa Kigoma mwenye rili ya kawaida anaweza kuvipata: nailoni, mshipi wa kusuka wa nyuzi nne, na wa kusuka wa nyuzi nane. Nazungumzia rili za namba 2000 hadi 4000, hasa zile zinazouzwa pamoja na fimbo kama seti, boksini zimeandikwa beringi kibao na nguvu ya breki ambayo ukiipima kwa mizani huioni.

Tofauti iko kwenye malighafi

Nailoni ni uzi mmoja mzima, usiosukwa. Imekuwepo madukani tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 na haijapoteza heshima yake. Ina kawaida ya kunyooka: kabla ya kukatika huweza kurefuka hadi karibu robo ya urefu wake. Ikilowa inafyonza maji kidogo na kupoteza sehemu ya nguvu, na jua likiipiga muda mrefu inakakamaa.

Mshipi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polithini ya aina ngumu mno. Majina mawili makubwa ya malighafi hiyo ni Dyneema, iliyotokea Uholanzi, na Spectra ya Marekani. Kwa uzito uleule wa kubeba, mshipi huu ni mwembamba sana kuliko nailoni. Wa kusuka wa pauni 20, yaani kilo 9, una unene wa milimita 0.23 hivi ukiwa umeandikwa kwa ukweli. Nailoni ya kubeba mzigo huo inakaribia milimita 0.35 au hata 0.40. Wa kusuka haunyooki kama nailoni, ni asilimia 3 hadi 5 tu. Unaelea, kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji. Na una adui mmoja: joto la msuguano. Polithini hiyo inayeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, wakati nailoni huvumilia hadi zaidi ya 200. Ndiyo maana fundo ukilikaza kavu linajiunguza lenyewe kabla hata samaki hajaligusa.

Kutonyooka huku ndiko kunakoleta faida zote za mshipi wa kusuka, na ndiko kunakoleta matatizo yake yote kwenye rili ya bei rahisi.

Rili yako inaumia wapi

Anza na breki. Kwenye rili nzuri, samaki akikimbia breki inaachia mshipi kwa ulaini, bila kusita. Kwenye rili ya bei nafuu breki inashika kwanza, halafu inaachia ghafla, halafu inashika tena. Ukiwa na nailoni huoni shida, maana mshtuko wote unamezwa na kule kunyooka. Funga mshipi wa kusuka na mshtuko uleule unafika mzimamzima kwenye mdomo wa samaki. Ndoano inachana nyama, au fundo linaachia, au ncha ya fimbo inavunjika. Mtu anasema mshipi ni feki, kumbe mshipi ndio pekee uliobaki mzima.

Tiba yake haina gharama. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, shika fimbo kama unavyoishika ukivua, mwenzako avute mizani taratibu, nawe urekebishe breki hadi iachie kwenye kilo 1.5 mpaka 2. Kwa rili ya namba 3000 ya kawaida hapo panatosha. Usidanganywe na kilo 8 au 10 zilizoandikwa kwenye boksi. Ukimaliza kuvua, legeza breki kabisa ili vile visahani vya ndani visigandamane.

Cha pili ni spuli, ile bobini ya rili ambayo mshipi unakunjwa juu yake. Mshipi wa kusuka unateleza, na spuli nyingi za bei nafuu ni laini kama kioo. Ukifunga mshipi moja kwa moja, fundo la mwanzo halishiki kitu, na rundo zima la mshipi linazunguka juu ya spuli. Unakaza breki, samaki bado anachukua mshipi. Unakaza tena, wapi! Mvuvi anapeleka rili kwa fundi akidhani breki imekufa. Kujua kama ni hilo, kaza breki mpaka mwisho, weka alama ya kalamu kwenye mshipi na kwenye ukingo wa spuli, halafu vuta kwa nguvu ukiwa umevaa glavu. Spuli ikitulia na alama ya mshipi ikahama, basi ni mshipi unaoteleza. Baadhi ya rili, zile za Penn kwa mfano, huja na ukanda wa mpira kwenye spuli kwa ajili hiyohiyo. Zetu nyingi hazina, kwa hiyo tunaanza na nailoni chini. Hesabu yake nitaieleza mbele.

Cha tatu ni roli, kile kigurudumu kidogo kwenye upinde wa waya ambapo mshipi unapinda kuingia kwenye spuli. Kwenye rili nyingi za bei rahisi hakina beringi na hakizunguki ipasavyo. Mshipi unakwaruza palepale kila siku. Nailoni ni nene na laini, inapita. Mshipi mwembamba wa kusuka unaanza kutoa manyoya, na baada ya muda unachora mfereji kwenye roli yenyewe. Kabla hujanunua rili, izungushe roli kwa kucha. Isipozunguka, weka tone la mafuta ya cherehani ujaribu tena. Ikigoma bado, chukua rili nyingine.

Pete za fimbo nazo ziangalie kwa namna hii: chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete. Ikiacha nyuzi za pamba mahali, pana ufa au mfereji. Hapo mshipi wowote wa kusuka utakatika, uwe wa bei gani.

Kuna jambo la nne ambalo halitajwi sana, nalo ni jinsi rili inavyopanga mshipi. Spuli ya rili nzuri inapanda na kushuka taratibu, mshipi unajipanga kwa mikato inayokingamana. Rili ya bei nafuu inarundika, mara juu, mara chini, mara katikati kama kichuguu. Mshipi mwembamba ukivutwa kwa nguvu unazama katikati ya mizunguko ya chini, na ukitupa mara inayofuata unakwama hapo. Chambo bandia kinarukia ziwani peke yake. Ama sivyo mizunguko mitano sita inatoka kwa pamoja na kujifunga fundo ambalo utalifungua mpaka jua lizame.

Nyuzi nne au nyuzi nane

Hapa ndipo pesa zinapopotea, maana ule wa nyuzi nane ni ghali zaidi na muuzaji atakwambia ndio bora. Ni bora kweli, ila kwa baadhi ya watu.

Wa nyuzi nane ni wa mviringo na laini. Unapita kwenye pete bila kelele, unaruka mbali zaidi, na unakaa vizuri kwenye spuli. Mtu mwenye fimbo nyepesi, anayetupa chambo bandia cha gramu chache kwenye maji matulivu ya asubuhi, ataona tofauti mara moja. Sufix 832, ambao jina lake lenyewe linabeba hesabu ya nyuzi nane na misuko 32 kwa kila inchi, ni mfano wa mishipi ya namna hii. Daiwa nao wana J-Braid ya nyuzi nne na ya nyuzi nane, hivyo ukikutana nayo soma vizuri ni ipi umeshika.

Wa nyuzi nne unakwaruza kidole kidogo ukiupitisha mkononi, na kwenye pete unalia. Lakini kila uzi wake ni mnene. Chukua mshipi wa pauni 20: ukiugawa kwa nne, kila uzi unabeba robo ya mzigo. Ukiugawa kwa nane, kila uzi ni mwembamba zaidi na unabeba nusu tu ya ule. Jiwe au roli mbovu ikikwangua juu juu, uzi mwembamba unakatika kabla mnene haujakatika. Watu wanaovua kwenye miamba, wenye roli isiyozunguka na pete za waya mtupu, wanahitaji ule unaovumilia kukwanguliwa.

Kwa hiyo kwa rili ya bei nafuu napendekeza nyuzi nne, na nasema hivyo bila kusita. Unaokoa pesa, na pesa hiyo ununue lida nzuri (kipande cha mshipi kinachokaa kati ya mshipi mkuu na ndoano) na ndoano kali. Nyuzi nane ninazishauri kwa mtu ambaye rili yake ni ya bei nafuu lakini roli yake inazunguka, pete zake ni za kauri zisizo na ufa, na anavulia ufukwe wa mchanga au kwenye boti mbali na mawe. Watu wa namna hiyo wapo.

Kuna pia mishipi inayoandikwa nyuzi tisa, kumi na mbili, hata kumi na sita. Kwa rili hizi iache.

Unene gani

Kwenye maboksi utakutana na vipimo vya aina mbili: pauni na namba ya PE. PE ni kipimo cha Wajapani, na kinakwambia unene, hakikwambii nguvu. PE 1 ni milimita 0.165, PE 2 ni 0.235, PE 3 ni 0.285. Ukiona mshipi umeandikwa PE 1 na pauni 50, kuna neno moja la uongo pale.

Wavuvi wa nchi nyingine husifu mshipi mwembamba, PE 0.8 au PE 1, na kwa rili zao wana haki. Kwetu sisi mshipi mwembamba hivyo ndio unaozama kwenye mizunguko, ndio unaopenya nyuma ya spuli na kujisokota kwenye mhimili, na ndio roli mbovu inaoumaliza haraka. Nenda kwenye PE 2, au pauni 20 yenye unene wa karibu milimita 0.23. Ni mnene kuliko unaohitajika kwa nguvu, ila ndio unaokaa sawasawa kwenye rili isiyopanga vizuri. Chini ya hapo unahangaika. Utapoteza umbali kidogo ukitupa chambo chepesi, na hiyo ndiyo bei yake.

Kupita kiasi nako kuna hatari. Nimesikia mazungumzo haya dukani, pale Mwanga:

"Shikamoo mzee. Naomba ule wa pauni 80."

"Marahaba mwanangu. Rili yako namba ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na ndoano ikinasa kwenye jiwe, utavuta nini kikatike?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Mshipi."

"Huo haukatiki. Kitakatika kitu kingine."

Mzee yule alisema yote. Kwenye zana zako lazima kiwepo kitu dhaifu ulichokichagua wewe mwenyewe, na kiwe mwishoni kabisa, karibu na ndoano. Mshipi wa pauni 80 kwenye rili ya 3000 unahamisha udhaifu huo kwenda kwenye gia, mkono wa rili au fimbo. Ukiwa na mshipi wa pauni 20 na lida ya nailoni ya pauni 15, ikinasa unapoteza ndoano na kipande kifupi. Mshipi wako unarudi mzima, na ziwa halibaki na mita 60 za plastiki isiyooza.

Ziwa letu linataka nini

Tanganyika lina mambo yake. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, mita 1,470 mahali pa chini kabisa, na hata bonde la upande wetu wa Kigoma linafika mita 1,310. Ukisikia hivyo unaweza kudhani unahitaji mshipi usiokwisha. Huhitaji. Oksijeni katika sehemu hii ya kaskazini inaishia kwenye mita 100 hivi, wakati kule kusini hufika karibu 200. Chini ya hapo samaki haishi. Mshipi wa kusuka wa mita 150 unatosha mvuvi wa fimbo yeyote wa Kigoma, na mita 300 ni za kugawana na mwenzako, kila mmoja nusu.

Mwanzoni wengi hununua mshipi huu kwa ajili ya kuvua chini wakiwa kwenye boti, na hapo nailoni haina ubavu wa kushindana nao. Ukishusha chubwi (kile kizito cha kuzamisha ndoano) mita 50 au 60 kumtafuta sangala, nailoni inameza mguso wote njiani. Samaki anachukua chambo, anakitema, wewe huna habari. Ukinyanyua fimbo kwa nguvu kule chini ndoano inasogea kidogo tu. Kwa mshipi wa kusuka unahisi hata chubwi inapogusa mchanga na inapogusa jiwe. Tena kwa kuwa ni mwembamba, mkondo hauupindi sana, hivyo chubwi ndogo inatosha. Kama unaupata wenye rangi zinazobadilika kila mita 10, uchukue: unajua umeshusha kina gani bila kukisia, na migebuka wakikubali kwenye mita 30 unarudi palepale.

Kwenye miamba, kuanzia Bangwe kwenda Katonga na kaskazini kuelekea Gombe, hali inabadilika. Mshipi wa kusuka uliokazwa ukipita kwenye ncha ya jiwe unakatika kama umepitishwa wembe. Nailoni ya milimita 0.35 inakwaruzwa, lakini inakuvumilia hadi umlete samaki. Anayevulia miamba tu, akiwa ukingoni, samaki wake wakiwa hawavuki kilo mbili, na rili yake ikiwa ile ya bei ya chini kabisa, abaki na nailoni. Nasema hivi kwa sababu naona watu wanavyosukumwa kuhama. Nailoni haina aibu. Ni rahisi, haitelezi kwenye spuli, inasamehe breki mbovu, na fundo lolote ulilofundishwa na baba yako linashika. Akitaka kuhama, basi awe na lida ndefu, mita mbili hadi tatu, ya nailoni nene, ili jiwe likutane na lida.

Maji nayo ni meupe mno. Siku tulivu unaona mawe ya chini kwa mita kadhaa. Mshipi wa kusuka hauna uwazi, samaki kama kuhe anauona. Hiyo ni sababu nyingine ya lida. Kama mfuko unaruhusu, kuna lida za fluorokaboni, ambazo mwanga hupita ndani yake karibu kama unavyopita kwenye maji, na zinazama haraka. Nailoni safi isiyo na rangi inafanya kazi vizuri kwa bei ndogo zaidi.

Kuelekea Ilagala na mdomo wa Malagarasi, kwenye matete na majani, mshipi wa kusuka unarudi kuwa mfalme. Unakata majani, unamtoa samaki kabla hajajizungusha. Ila mto ule una samaki wenye meno yanayochomoza nje ya mdomo, na mshipi wa kusuka mbele ya meno yale ni bure. Weka kipande cha waya wa chuma, sentimita 20 hadi 30, mbele ya ndoano.

Halafu kuna upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi inavuma, na mshipi wa kusuka, kwa wepesi wake, unapeperuka na kujikunja hewani kabla haujagusa maji. Ukitupa, chambo kikikaribia maji uguse mshipi kwa kidole uupunguze mwendo, halafu funga upinde wa waya kwa mkono, usifunge kwa kuzungusha rili. Vuta mshipi kidogo kwa vidole uone umekaa kwenye roli ndipo uanze kukunja. Mafundo mengi yatakwisha kwa mazoea hayo tu. Na kabla hujashuka mwaloni kipindi hicho, ulizia ofisi ya uvuvi kuhusu leseni na tarehe za kufunga ziwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kuufunga kwenye spuli

Soma ubavuni mwa spuli. Utaona kitu kama 0.30/180, maana yake inabeba mita 180 za nailoni ya milimita 0.30. Tuseme umenunua mita 150 za mshipi wa milimita 0.23. Zidisha unene kwa unene, kisha kwa urefu. Nailoni: 0.30 mara 0.30 mara 180, unapata 16.2. Mshipi wako: 0.23 mara 0.23 mara 150, unapata 7.9. Toa, inabaki 8.3. Gawanya kwa 0.09, ambayo ni 0.30 mara 0.30, unapata 92. Kwa hiyo anza na mita 90 hivi za nailoni, kisha unganisha mshipi wa kusuka juu yake. Umetatua kuteleza, umejaza spuli, na hukununua mshipi wa kusuka wa kulala chini bila kuguswa na maji.

Wakati wa kukunja, loanisha mshipi na uupitishe kwenye kitambaa kilicholowa, mwenzako akishika boksi na kukaza. Ukiukunja mshipi ukiwa umelegea, siku samaki mzuri akivuta mshipi utazama kwenye mizunguko. Acha nafasi ya milimita mbili au tatu kutoka ukingoni mwa spuli, zaidi kidogo ya unavyoacha kwa nailoni.

Kuupima kabla ya kulipa

Kuna nyuzi za kushonea nyavu zinazouzwa kama mshipi wa kusuka. Hizo ni nailoni au polista, zinafyonza maji, ni nene na dhaifu. Omba kipande, kikamue kwenye maji yenye sabuni kidogo ili hewa itoke, halafu kiache kwenye glasi. Polithini inaelea, nailoni na polista zinazama. Ukichoma ncha, polithini inayeyuka na kujikunja, na harufu yake ni kama ya mshumaa.

Unene unaupima kwa penseli. Zungusha mara 20, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha pima upana wake kwa rula. Milimita tano kasoro ni sawa na 0.23 au 0.24. Ukipata milimita saba, umeshika mshipi wa 0.35, boksi liseme litakavyo. Mshipi wa namna hiyo bado unaweza kuvua, ila usiuhesabu kama PE 2, na hautaenea kwenye spuli kama hesabu ilivyosema.

Nguvu nayo inapimika nyumbani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Zungusha mshipi mara kadhaa kwenye mti laini bila fundo, ning'iniza ndoo, jaza maji taratibu. Mshipi wa pauni 20 unatakiwa kubeba kilo 9, ndoo ikihesabiwa ndani. Ukikatika kwenye lita tano, mrudishie mwenye duka kwa upole na umwonyeshe.

Rangi isikuhangaishe. Polithini haishiki rangi vizuri, kwa hiyo kijani kitapauka hata kwenye mshipi mzuri kabisa, na nguvu haijaenda popote.

Fundo na vidole

Fundo la kuzungusha mara tano na kupitisha, ambalo wengi tunalijua kwa nailoni, linateleza kwenye mshipi wa kusuka. Kwa ndoano tumia fundo la Palomar: kunja mshipi mara mbili, pitisha kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, ingiza ndoano nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kisha kaza. Kuunganisha na lida, tumia fundo la uni pande zote mbili, mizunguko minane upande wa kusuka na mitano upande wa nailoni. Lowesha kila mara.

Mkono wako usiuzungushie mshipi huu ndoano ikinasa. Unakata nyama hadi mfupa. Uzungushe kwenye kipande cha mti au mpini wa kasia, elekeza fimbo moja kwa moja kwenye mshipi, funga breki, rudi nyuma taratibu. Watoto wanaocheza mwaloni hukanyaga vipande vilivyotupwa, na ndege hujifunga miguu, hivyo vipande vyako virudi nyumbani mfukoni.

Mshipi mzuri wa kusuka unadumu kuliko nailoni mara kadhaa. Ukianza kutoa manyoya mita 20 au 30 za mbele, kata zile zenye manyoya. Ukishapungua sana, uhamishe wote kwenye spuli nyingine ili upande uliolala chini uje juu, maana huo haujawahi kuona jua. Nailoni ya chini iache ilivyo.